Baridi au ya Moto: Historia ya Bia Katika Nyanda za Songwe

Ubishi wa bia baridi na bia ya moto ni mgeni katika nyanda za Songwe. Hauna umri mkubwa kuliko chupa yenyewe. Kabla chupa haijafika, Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali na Walambya wa Ileje walikuwa na pombe isiyoacha nafasi ya kubishana. Ilinywewa ya moto, tena moto wa kweli, kwa maji yaliyotolewa jikoni yakiwa bado yanatokota.

Pombe hiyo ni kimpumu. Ulezi hulowekwa mpaka uote, huanikwa juani, kisha husagwa kuwa kimea. Kimea huchanganywa na unga wa ulezi uliopikwa na kuachwa uchachuke mpaka upatikane mchanganyiko mzito, wenye harufu kali inayotangulia mpaka njiani na kumwambia mpita njia kwamba leo hapa kuna jambo. Siku ya kunywa, mchanganyiko huo hutiwa kwenye chungu na kumiminiwa maji ya moto. Wanywaji hukaa kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake wenye kichujio kwenye ncha ya chini ili makapi ya ulezi yasipite, wakafyonza taratibu. Kina kikishuka, mama mwenye pombe anakuja na birika au sufuria na kuongeza maji ya moto. Anaongeza tena na tena, mpaka ladha ya ulezi imekwisha na kilichobaki ni maji yenye kumbukumbu ya pombe.

Ukivuka mto Songwe kuingia Malawi, watu wa Chitipa na Karonga wanayo pombe hiyohiyo na wanaiita chipumu. Upande wa Zambia, Wabemba na majirani zao wana katubi, nayo hunywewa kwa mrija na maji ya moto. Mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards, aliyeishi na Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930, alichapisha mwaka 1939 kitabu kuhusu ardhi, kazi na chakula chao, na ndani yake ulezi na pombe vimepewa nafasi kubwa. Aliona kwamba pombe ilikuwa malipo ya kazi ya shambani, heshima kwa mkubwa na sadaka kwa mizimu, na kwamba bila pombe mambo mengi ya kijiji yasingesogea.

Moto ule una sababu zake. Tunduma na sehemu kubwa ya Mbozi ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai upepo wa jioni unapenya kwenye sweta, na asubuhi watu wanaongea huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Mtu aliyeshinda shambani akilima kwa jembe la mkono hahitaji kupozwa jioni hiyo, anahitaji kupashwa joto. Halafu maji yaliyochemshwa ni salama kuliko ya kisimani, hata kama hakuna aliyelieleza hilo kwa lugha ya hospitali. Sababu ya tatu naiona kubwa zaidi: maji ya moto yalimpa mwenye pombe mamlaka juu ya muda. Alipoongeza maji, mazungumzo yaliendelea. Alipoacha kuongeza, wageni walijua wakati wa kuaga umefika, na hakuna aliyefukuzwa.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikaa mezani Ulaya wakagawana nchi hizi. Mpaka kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika uliwekwa kwa kufuata maslahi ya barabara iliyoitwa Stevenson, njia ya kuunganisha maziwa hayo mawili, ambayo Waingereza walitaka ibaki kwao. Mstari ukapita katikati ya Wanyamwanga. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa wa serikali mbili, na mahali ambapo leo kuna Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia pakawa mlango. Kwenye mlango huo pombe ya mrija iliendelea kuvuka bila kuulizwa kibali. Wamisionari nao walikuwa wameanza kuingia, Wamoravian wakifika Rungwe mwaka 1891 na baadaye Mbozi, na makanisa yakawakataza waumini pombe. Wengi walitii, wengine walisogeza chungu nyuma ya nyumba.

Bia ya chupa ilikuja kwa mlango mwingine kabisa, nayo ilikuja na sharti la baridi. Lager ni bia ya nchi za baridi. Chachu yake hufanya kazi kwenye ubaridi, kisha bia hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi 0. Wajerumani wa Bavaria waliitengeneza wakitegemea mapango na barafu ya majira yao, hadi miaka ya 1870, Carl von Linde alipounda mashine za kupozea na kiwanda cha Spaten cha Munich kikawa miongoni mwa vya kwanza kuzitumia. Tangu hapo lager iliweza kutengenezwa popote penye mashine, hata kwenye joto la pwani yetu. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na jina la Tusker linatokana na mnyama huyo. Tanganyika Breweries ikafuata Dar es Salaam mwaka 1933, na mwaka 1936 kampuni hizo mbili zikaungana kuwa East African Breweries.

Waingereza waliotutawala walikuwa wamezoea kwao bia isiyotiwa kwenye friji. Bia yao ya pipa hutunzwa chini ya baa na kunywewa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi, na mpaka leo wapo wanaoitetea kwa nguvu zote, wakiongozwa na chama cha CAMRA kilichoundwa mwaka 1971. Lakini Mwingereza huyohuyo alipofika Tanganyika alidai chupa itoke kwenye barafu. Ubaridi ukawa alama ya mtu mwenye uwezo. Kwenye nyumba za maofisa, misheni na maduka makubwa lilikuja friji la mafuta ya taa, ambalo lilitokana na ubunifu wa vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Lilitumia moto kuzalisha baridi, bila waya wa umeme, na mwali wake mdogo wa buluu ulihitaji utambi kukatwa vizuri na tangi kujazwa kila mara. Ukisahau, asubuhi unakuta maziwa yameganda na bia imekuwa ya moto.

Mwafrika hakukaribishwa kwenye friji hilo. Sheria za kikoloni zilitenganisha vileo: vilabu vyenye leseni kwa pombe za kienyeji, na vizuizi juu ya vileo vya Kizungu. Vijana wa nyanda hizi walikutana na unywaji wa mjini mbali na kwao, kwenye machimbo. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine walipita Tunduma kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko walikuta kumbi za pombe za halmashauri, na miaka ya 1950 walikuta Chibuku, pombe ya nafaka iliyoanzishwa kibiashara mjini Kitwe na Max Heinrich. Chibuku ni nzito, inaendelea kuchachuka baada ya kufungwa, lazima itikiswe kabla ya kunywewa, na hainywewi ya moto kama kimpumu wala haihitaji barafu kama lager. Kwa vijana wa Mbozi na Ileje ilikuwa kama ndugu wa kimpumu aliyehamia mjini akaacha mrija nyumbani.

Kilichoipa Tunduma bia nyingi ni siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake kusini, ikahitaji njia ya kufika baharini kupitia Dar es Salaam. Malori yakaanza kuteremka na kupanda kwenye barabara ya vumbi na tope iliyoua watu wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa takriban kilomita 1,700 mpaka Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami. Reli ya TAZARA ikaanza kujengwa mwaka 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, mataruma yakafika Tunduma mwaka 1973, na njia yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Kituo kidogo cha mpakani kikawa mahali ambapo dereva analala usiku mmoja, au wiki, akisubiri karatasi zake zigongwe muhuri.

Dereva anayesubiri anakunywa. Naye alitoka wapi? Alitoka Dar es Salaam, Morogoro, Ndola, Lusaka, mahali penye joto na mahali penye umeme. Alikuja na mazoea ya bia inayotoa jasho kwenye chupa. Akakuta baa ambazo kreti ziko sakafuni, juu ya saruji, na muuzaji anafungua kizibo palepale. Ubishi ulizaliwa hapo.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilifanya hoja zote zisiwe na maana. Baada ya vita vya Kagera nchi iliishiwa fedha za kigeni, viwanda vya umma vikakosa malighafi na vipuri, na bia ikawa bidhaa ya kugawana kama sukari na sabuni. Mwaka 1983 serikali ilipambana na walanguzi, na kreti la bia likawa kitu cha kufichwa. Kreti likionekana baa, watu hawakuuliza ni baridi au la. Kungoja ipoe kulikuwa kuwaachia wengine. Watu wa kizazi hicho walijifunza kunywa bia ya moto kwa haraka na kwa shukrani, na wengi wao, hata friji zilipojaa, hawakubadilika tena.

Mageuzi yalikuja mwaka 1993, pale Tanzania Breweries ilipoingia ubia na South African Breweries. Bia ikapatikana. Kilimanjaro ikaingia sokoni mwaka 1996 kuungana na Safari iliyokuwepo tangu 1977. Mwaka 2009 kampuni ilifungua kiwanda Mbeya, hivyo kreti la Tunduma halikutegemea tena safari ndefu kutoka Dar es Salaam. Na pamoja na bia zikaja friji za milango ya kioo zenye nembo za kampuni, zikikaa mbele ya kaunta na taa zake zikiwaka usiku kucha.

Katika hali hiyo ubishi ukapata sura tunayoijua. Chukua baa moja ya Tunduma, Julai, saa mbili usiku, malori yamepanga foleni nje. Kwenye meza moja kuna mzee mkulima wa kahawa kutoka Mbozi aliyekuja kumwona mwanawe, na dereva kijana wa Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Mhudumu anauliza swali lake la kila siku: baridi au ya moto? Kijana anataka baridi, tena ile ya chini kabisa ya friji. Mzee anataka ya moto.

"Mzee, hiyo si chai," anasema kijana akicheka. "Bia ya moto inajaza gesi tumboni tu."

"Gesi unayo wewe, mwanangu. Ile ya baridi ndiyo inashuka na gesi yake yote, inakwenda kufungukia tumboni. Hii yangu imeshatoa hewa kwenye glasi. Na kifua changu kiko salama."

"Lakini haina ladha!"

"Ladha utaijuaje na ulimi umekufa ganzi?"

Meza za jirani zinaingia. Mmoja anasema ya moto inalevya haraka. Mwingine anasema ni ya wahenga. Dada wa kaunta, anayezitoa zote mbili kwa bei ileile, hana upande.

Nimesikiliza maneno haya mara nyingi, na naona upande wa mzee una haki kubwa kuliko anavyopewa. Kwanza, ana fizikia. Hewa ya ukaa huyeyuka zaidi kwenye kimiminika baridi. Bia iliyotoka kwenye nyuzi 3 inaingia mwilini ikiwa imeibeba, na mwili wa nyuzi 37 ndio unaoifungua. Bia isiyopozwa hutoa povu jingi kwenye glasi na kupoteza hewa yake nyingi zaidi hapo. Pili, ana ulimi. Mwaka 2005 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kijenzi kimoja cha chembe za ladha, TRPM5, hufanya kazi kwa nguvu zaidi joto linapoongezeka, hasa kwa utamu. Ukipoza sana, kimea kinafifia na kinachobaki ni ubaridi na msisimko. Ndiyo maana bia nyepesi isiyo na mengi ya kusema hutangazwa ikiwa imegubikwa na barafu. Kuhusu kulewa, mzee hana la kutetea na hana la kuona haya: kilevi kilichomo kwenye chupa ni kilekile, na tofauti inatokana na kasi ya mnywaji.

Hoja yenye nguvu kuliko zote, na ambayo sijasikia ikitolewa mezani, ni kwamba wawili hawa hawazungumzii kitu kimoja. Kijana anaposema bia ya moto anaikumbuka chupa ya Kariakoo saa tisa mchana, nyuzi 30 au zaidi, na kwa chupa hiyo namuunga mkono bila kusita. Mzee anazungumzia chupa iliyolala kwenye sakafu ya saruji ya Tunduma usiku wa Julai. Chupa hiyo inakaribia nyuzi zilezile ambazo Mwingereza anazitaka kwenye bia yake ya pipa. Kwa jina ni bia ya moto, lakini kwa kipimajoto ni bia ya ghalani, iliyopozwa na mwinuko wa nchi bila gharama ya uniti hata moja. Kuiita ushamba ni kuikosea heshima nchi yenyewe.

Ushahidi wake uko ndani ya mkoa huohuo. Songwe ilipotengwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ilipewa nyanda za juu za Mbozi na Ileje pamoja na sehemu ya bonde la Rukwa, ambako ziwa liko kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Kamsamba kuna joto linalokaba. Mkwajuni, kwenye wilaya ya wachimbaji wa dhahabu, mtu akitoka shimoni anataka kitu cha kumshtua koo. Huko chini bia baridi inastahili kila kitu inachosifiwa nacho. Mtu mmoja anaweza kunywa baridi Kamsamba Jumamosi na ya moto Vwawa, kule juu Mbozi, Jumapili, na akawa na akili timamu siku zote mbili.

Kinachonisumbua ni kwamba swali lenyewe linaanza kupotea. Kwenye baa mpya, hasa zile za karibu na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na marais wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, Oktoba 2019, mhudumu kijana huleta chupa ya baridi bila kuuliza. Kreti zote zimeingia kwenye friji, na anayetaka ya moto anaambiwa asubiri ipate joto. Kuuliza "baridi au ya moto?" ni adabu iliyojengwa na baa zetu kwa miaka mingi. Inamwambia mgeni kwamba mwili wake anaujua yeye. Vinywaji vichache duniani vinauzwa kwa heshima hiyo, na sipendi kuona friji ya kampuni ikijibu kwa niaba ya mteja.

Kimpumu nacho kinabanwa. Ulezi unachukua nguvu nyingi kulima kuliko mahindi, na komoni, pombe ya mahindi, inatoka haraka na kuuzwa kwa bei ya chini. Bado ukienda vilabuni siku ya mnada utakuta mirija, na utakuta sufuria ya maji juu ya mafiga. Wanywaji wake wengi ni wa umri wa mzee yule wa kahawa, na nadhani ndiyo maana hawashangazwi na bia isiyopozwa: walianza na pombe ya moto kuliko hiyo.

Mwaka 2024 ulileta zamu nyingine. Ukame ulishusha maji ya bwawa la Kariba, na Zambia, inayotegemea sana umeme wa maji, ikalazimika kuwagawia wananchi wake umeme kwa saa chache tu kwa siku. Friji lisilo na umeme ni kabati lenye mlango wa kioo. Umeme ulipokatika Nakonde, Mosi yake, bia iliyopewa jina la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ilibaki na joto la chumba, wakati Tunduma, hatua chache kaskazini, taa za friji zingeweza kuwaka. Mtu mwenye kiu ya baridi alikuwa na sababu mpya ya kuvuka mpaka jioni. Mwenye kunywa ya moto alikaa alipokuwa, akaagiza ya pili.